Kuijua Namba Bila Kuigawa

Hotuba hii niliitoa mbele ya wapenzi wa hesabu. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro nimeiacha, pale nilipoandika ubaoni, nimeweka maandishi yenyewe.

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, na nyinyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za namba moja. Naam, moja tu. Hii hapa:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727

Msihangaike kuinakili. Ina tarakimu 39, lakini inaandikika kwa ufupi: 2¹²⁷ − 1. Yaani panga mbili 127, zizidishe zote pamoja, ukimaliza toa moja.

Namba hii ni tasa. Haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Haigawanyiki kwa 3, haigawanyiki kwa 7, haigawanyiki kwa milioni wala kwa trilioni wala kwa chochote kilicho kati ya 1 na yenyewe. Na jambo hilo limejulikana tangu mwaka 1876, kabla hakujawa na kompyuta hata moja duniani.

Swali langu leo ni hili: tumejuaje? Nani aliyeigawa? Aliigawa kwa ngapi, akamaliza lini?

Hakuna aliyeigawa. Hakuna, ndugu zangu! Na hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Kwanza niseme neno juu ya jina. Tasa ni asiyezaa, na jina hilo limekuwa likinikera tangu nilipokuwa mwanafunzi. Chukua 12: ni 2 × 2 × 3. Chukua 100: ni 2 × 2 × 5 × 5. Chukua namba nzima yoyote kubwa kuliko 1 ambayo si tasa, ivunjevunje, utafika kwenye namba tasa, na utafika kwenye zilezile kila mara, upite njia yoyote unayotaka. Sasa hao ndio tuliowaita tasa, wazazi wa namba zote! Aliyelichagua jina alitazama upande mmoja tu. Basi, jina limeshakaa, tuliache.

Tunajuaje kama namba ni tasa? Ukinipa 97, najaribu kuigawa kwa 2, 3, 5, 7, kisha nasimama. Kwa nini nasimama kwenye 7? Kwa sababu 10 mara 10 ni 100, imeshaipita 97. Kama 97 ingekuwa zao la namba mbili, ndogo yao ingekuwa chini ya 10, na tungekuwa tumeshaikamata. Kwa hiyo unajaribu mpaka kwenye kipeuo cha pili cha namba yako, basi.

Rahisi, sivyo? Haya, twende kwenye namba yetu. Kipeuo chake cha pili ni karibu bilioni 13 mara bilioni moja. Tuseme una mashine inayogawa mara bilioni moja kwa sekunde, na unaiachia ijaribu namba zote, moja baada ya nyingine. Itakuchukua zaidi ya miaka 400. Zipo njia za mkato za kupunguza kazi hiyo, na moja nitaigusa baadaye, ila kwa mtu mwenye kalamu na karatasi hazimfikishi popote.

Mtu mwenye kalamu na karatasi alikuwa Édouard Lucas, Mfaransa, mwalimu wa hesabu. Baadhi yenu mnamjua bila kujua kwamba mnamjua. Umewahi kuona mchezo wa vijiti vitatu na sahani zenye matundu katikati, kubwa chini na ndogo juu? Unatakiwa uhamishe rundo zima kutoka kijiti kimoja kwenda kingine, sahani moja kwa mara moja, na kamwe usiweke kubwa juu ya ndogo. Mchezo huo unaitwa Mnara wa Hanoi, na ni Lucas aliyeutoa, mwaka 1883.

Hebu tuucheze kwa maneno. Sahani moja: hatua 1. Sahani mbili: ndogo pembeni, kubwa kwenye kijiti chake, ndogo juu yake, hatua 3. Sahani tatu: hatua 7. Nne: 15. Mnaona kinachotokea? Ili kuihamisha sahani kubwa ya chini, lazima kwanza uhamishe rundo lote lililo juu yake, kisha sahani yenyewe hatua moja, kisha rundo lote tena. Mara mbili na moja juu. 1, 3, 7, 15, 31, 63. Kila mara ni mbili zilizozidishwa pamoja, toa moja. Ukiwa na sahani 127, hatua unazohitaji ni namba yetu ileile ya tarakimu 39, hakuna pungufu hakuna zaidi.

Na hapa niseme jambo lisilohusiana na hesabu. Mwaka 1891 Lucas alikuwa kwenye karamu, mhudumu akaangusha vyombo chini, kigae kikaruka kikamkata Lucas shavuni. Jeraha likaingia maradhi, na siku chache baadaye akafariki, akiwa na miaka 49. Mwenye mchezo wa sahani akaondoka kwa kigae cha sahani.

Turudi. Namba hizi za 2 kwa kipeo fulani (kipeo ni idadi ya mbili unazozizidisha pamoja), toa moja, zina jina: namba za Mersenne. Marin Mersenne alikuwa mtawa wa Paris, na alikuwa akiandikiana barua na wanahesabu wengi wa zama zake. Mwaka 1644 alitoa orodha. Alisema kwamba ukichukua vipeo vyote mpaka 257, vinavyotoa namba tasa ni hivi: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Basi.

Alijuaje? Hapo ndipo penye vichekesho. Mersenne huyohuyo aliandika kwamba kuamua kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa, muda wote uliopo usingetosha. Halafu akaweka kwenye orodha namba ya tarakimu 39, na nyingine ya tarakimu 78! Kwa maneno mengine, alibahatisha, au alikuwa na hisia fulani asiyoweza kuithibitisha. Na alikosea mara tano: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na aliziruka 61, 89 na 107. Lakini 127 aliipata. Iliwachukua watu miaka 232 kujua kwamba aliipata.

Kabla ya kusema Lucas alifanya nini, nataka muione namba hii jinsi mashine inavyoiona. Mashine huandika kwa 0 na 1 tu. Mbili ni 10, nne ni 100, nane ni 1000. Sasa toa moja kwa kila mojawapo: 1, 11, 111. Namba za Mersenne ni namba za moja tupu. Tatu ni 11. Saba ni 111. Thelathini na moja ni 11111. Na namba yetu? Ni moja 127 zilizopangwa mstari mmoja, hakuna sifuri hata moja katikati.

Ukiiona hivyo, kuna jambo linajitokeza lenyewe. Chukua moja sita: 111111. Zikate mbilimbili: 11 11 11. Kila kipande ni 11, yaani 3, kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 3. Zikate tatutatu: 111 111. Inagawanyika kwa 111, yaani 7. Na kweli, moja sita ni 63, na 63 ni 3 × 21, ni 7 × 9. Mstari unaokatika vipande sawa, namba nayo inakatika. Kwa hiyo namba ya Mersenne ikitaka kuwa tasa, sharti idadi ya moja zake nayo iwe tasa. 127 ni tasa. Mlango wa kwanza tumepita.

Lakini mlango wa kwanza si nyumba. 11 ni tasa, na moja kumi na moja ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Jambo hilo lilijulikana tangu mwaka 1536. Itazameni 23: toa 1 unapata 22, mara mbili ya 11. Itazameni 89: toa 1 unapata 88, nne mara 22. Si bahati. Kigawo chochote cha namba ya Mersenne ambayo kipeo chake ni tasa isiyo 2, ukikitoa 1, kinagawanyika kwa mara mbili ya kipeo. Hiyo ndiyo njia ya mkato niliyosema nitaigusa. Leonhard Euler aliitumia, pamoja na nyingine ya kufanana nayo, mwaka 1772 kuthibitisha kwamba 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, ni tasa. Badala ya kujaribu maelfu ya vigawo, alibakiwa na namba 372 tu za kuzichunguza. Ni hodari, ndiyo. Lakini bado alikuwa akigawa.

Lucas hakugawa.

Sasa naomba utulivu, na mwenye kalamu aishike. Nitaandika kanuni nzima, jinsi ilivyonyooshwa baadaye na Mmarekani D. H. Lehmer miaka ya 1930. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2. Gawanya jibu kwa namba ya Mersenne unayoichunguza, chukua baki tu. Baki hilo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, chukua baki. Rudia. Idadi ya kurudia ni kipeo toa 2. Kama mwisho kabisa baki ni sifuri, namba yako ni tasa. Kama si sifuri, si tasa. Hakuna labda.

Tujaribu na 31. Kipeo ni 5, kwa hiyo tunarudia mara 3.

4 × 4 ni 16, toa 2 ni 14. Mara ya kwanza.
14 × 14 ni 196, toa 2 ni 194. Gawanya kwa 31, baki 8. Mara ya pili.
8 × 8 ni 64, toa 2 ni 62. Gawanya kwa 31, baki... (hapa ukumbi mzima ulijibu) sifuri!

31 ni tasa. Je, tumeigawa 31 kwa 2? Kwa 3? Kwa 5? Hatukuigusa.

Sasa ile 2,047, ambayo tunajua si tasa. Kipeo ni 11, tunarudia mara 9. Nitayasoma mabaki tu: 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Mwisho ni 1,736. Si sifuri. Basi si tasa. Lakini angalieni kwa makini: kanuni imetuambia kwamba 2,047 inavunjika, haikutuambia inavunjikia wapi. 23 iko wapi katika mabaki hayo? 89 iko wapi? Hazimo. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kwa namba yetu unarudia mara 125. Mara 125 tu, badala ya bilioni 13 mara bilioni! Tatizo ni kwamba kila mara unazidisha namba ya tarakimu 39 kwa yenyewe, unapata tarakimu hata 77, kisha unaigawa. Kwa mkono. Ukikosea tarakimu moja kwenye hatua ya tatu, hatua zote zinazofuata ni takataka, na hutajua.

Lucas alikwepaje? Kumbukeni zile moja tupu. Tuliporudi kwenye 194 gawanya kwa 31, mimi niligawa kama tulivyofundishwa. Haikuhitajika. Andika 194 kwa 0 na 1: 11000010. Hesabu tarakimu tano kutoka kulia, kata hapo: 110 na 00010. Kipande cha kwanza ni 6, cha pili ni 2. Jumlisha: 8. Ndilo baki letu! Ni hila ileile ya kugawa kwa 99 kwa kukata namba mbilimbili: 1,234 ni 12 na 34, jumla 46, nalo ndilo baki. Kugawa kwa namba ya moja tupu ni kukata na kujumlisha tu. Kinachozidi upande wa kushoto kinazunguka na kuingia upande wa kulia.

Basi Lucas, kama inavyoelezwa, alitengeneza ubao kama wa sataranji, wenye miraba 127 kwa 127. Hiyo ni miraba 16,129. Mraba wenye kete unasimama badala ya 1, mraba mtupu badala ya 0. Kuzidisha namba kwa yenyewe ni kuipanga tena na tena, kila safu mlalo imesogea nafasi moja, na kete zinazotoka nje ya ubao kushoto zinarudishwa kulia. Kisha unateremka: ukikuta kete mbili kwenye safu wima moja, unaziondoa zote mbili na kuweka moja kwenye safu ya kushoto. Endelea mpaka ubakiwe na safu mlalo moja. Toa 2. Anza upya.

Mwoneni mtu huyo ameinama juu ya ubao, anasogeza kete, anahesabu, anasogeza kete. Zaidi ya mara 120. Na mwisho wake ubao ukamwambia: tasa.

Hakuna namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyowahi kuthibitishwa kwa mkono mtupu, na sidhani kama kuna atakayejaribu. Ilikaa kileleni miaka 75. Ilipong'olewa, mwaka 1951, moja ya namba zilizoipita ilijengwa kwa matofali yake: J. C. P. Miller na D. J. Wheeler, wakitumia kompyuta ya EDSAC pale Cambridge, walichukua namba yetu, wakaizidisha kwa yenyewe, mara 180, wakaongeza 1. Tarakimu 79, nayo tasa.

Msidhani lakini kwamba namba tasa za ukubwa huo ni adimu. Katika jirani za namba yetu, kwa wastani moja kati ya kila 88 ni tasa. Zimejaa tele! Adimu ni zile tunazoweza kuzithibitisha kwa urahisi.

Nimesema tutarudi kwenye 2,047 na kanuni isiyotaja vigawo. Haya, tumerudi.

Lucas huyohuyo, mwaka uleule wa 1876, aliionyesha 2⁶⁷ − 1 kuwa si tasa. Mersenne alikuwa amekosea. Lakini vigawo vyake? Hakuvipata. Hebu fikirini hali hiyo. Unajua kwa uhakika wa asilimia mia kwamba namba hii ni zao la namba nyingine, na huwezi kuitaja hata mojawapo. Ni kama kuambiwa sanduku lina vitu viwili ndani, ukalipima, ukalitikisa, ukaridhika kwamba ni kweli, na kufuli halifunguki.

Halikufunguka kwa miaka 27. Kisha tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani, akaitwa Frank Nelson Cole atoe mada yake. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni hakusema neno. Akakokotoa mbili kwa kipeo cha 67, akatoa moja, akapata:

147,573,952,589,676,412,927

Akahamia upande wa pili wa ubao. Akaandika 193,707,721 × 761,838,257,287. Akazidisha, mstari kwa mstari, kama watoto wa shule. Jibu likawa lilelile. Akarudi kwenye kiti chake. Ukumbi ukapiga makofi, na hakuna aliyeuliza swali. Alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, akajibu: Jumapili za miaka mitatu.

Zao hilo niliwahi kulijaribu mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi. Mara ya kwanza nikasahau tarakimu moja niliyoiweka akilini, jibu likaenda upogo katikati. Mara ya pili nikapanga mistari vibaya. Mara ya tatu likatoka, na nikajiona mwanahesabu. Ilinichukua karibu saa nzima. Saa yangu moja kwa Jumapili zake za miaka mitatu! Kuzidisha ni mteremko, kurudi nyuma ni mlima. Na kwa waliobakiwa na hamu: 193,707,721 toa 1, gawanya kwa 134 ambayo ni mara mbili ya 67, unapata 1,445,580 kamili. Ile sheria ya vigawo inashika.

Mteremko na mlima huo ndio unaolinda ujumbe mnaotumiana. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitunga njia ya kuficha maandishi ambapo mwenye ufunguo anazidisha namba mbili tasa kubwa, na mwizi analazimika kuzitenganisha. Namba tasa za kazi hiyo huwa na tarakimu mia kadhaa. Mengine ya njia hiyo yanataka siku yake.

Kuna ndugu yetu hapo upande wa dirishani, kabla sijapanda hapa aliniuliza: zina faida gani namba kubwa namna hii? Hukuuliza peke yako. Peter Barlow, Mwingereza, aliandika mwaka 1811 kuhusu namba timilifu (yaani inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe) iliyojengwa juu ya ile 2³¹ − 1 ya Euler, kwamba huenda ndiyo kubwa kupita zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizo ni za kustaajabisha tu, hazina matumizi, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine zaidi yake.

Sasa sikilizeni. Tarehe 30 Januari 1952, Los Angeles, kulikuwa na kompyuta iliyoitwa SWAC. Raphael Robinson alikuwa ameandika programu ya kanuni ya Lucas na Lehmer kwa kusoma kitabu cha maelekezo, mashine yenyewe hajawahi kuiona. Programu ikaingizwa, ikafanya kazi mara ya kwanza. (Wanaoandika programu humu ndani mnajua hilo ni jambo la ajabu kuliko yote niliyosema leo.) Usiku uleule ikatoa 2⁵²¹ − 1, na kabla ya usiku wa manane ikatoa 2⁶⁰⁷ − 1. Baada ya 127, kipeo kinachofuata cha kutoa namba tasa ni 521. Katikati hapo hakuna hata kimoja. Ndiyo maana hakuna aliyempita Lucas kwa njia yake miaka yote ile: aliyefuata alikuwa mbali mno kwa mkono wa mtu.

Na 2⁵²¹ − 1 iko wapi leo? Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeiweka kwenye mojawapo ya njia zake za kulinda mawasiliano, ile iitwayo P-521. Waliichagua kwa kuwa ni moja tupu. Mashine ikizidisha na kutafuta baki, haigawi. Inakata, kinachozidi kushoto inakizungusha kulia, inajumlisha. Ni zile kete za Lucas, ndugu yangu wa dirishani.

Tuje karibu zaidi na siku zetu. Tangu 1996 kuna mradi wa kujitolea, GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman. Unapakua programu, kompyuta yako ikikaa bure inachunguza kipeo ilichopangiwa. Tarehe 17 Septemba 2015 kompyuta moja ya Chuo Kikuu cha Central Missouri ilimaliza kipeo 74,207,281, ikapata sifuri. Tasa! Tarakimu 22,338,618, kubwa kuliko zote zilizojulikana. Mashine ikaripoti, lakini barua pepe ya kuwaarifu watu haikutoka. Kimya. Oktoba ikapita, Novemba ikapita, Desemba ikapita. Tarehe 7 Januari 2016 ndipo mtu alipoiona. Sasa niambieni: namba hiyo ilijulikana lini? Mradi wenyewe unahesabu siku aliyoiona binadamu. Nami nakubaliana nao, ingawa nikiulizwa sababu nitababaika.

Kubwa ya sasa ilipatikana Oktoba 2024 na Luke Durant: 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1. Tarakimu 41,024,320. Ukizisoma moja kwa sekunde bila kulala, utamaliza baada ya siku 474 na zaidi. Hata hivyo, tarakimu yake ya mwisho mnaweza kunitajia sasa hivi. Ukizidisha 2 kwa 2 tena na tena, majibu yanaishia 2, 4, 8, 6, kisha yanarudia. Kipeo 136,279,841 ukikigawa kwa 4 kinabaki 1, kwa hiyo 2 kwa kipeo hicho inaishia 2, toa moja ni 1. Ile ya Lucas: 127 gawanya kwa 4 baki 3, inaishia 8, toa moja ni 7. Rudini juu mkaangalie.

Nimalize kwa kitendawili. Kitendawili!

(Tega!)

Chukua 2. Iweke iwe kipeo cha mbili, toa moja: 3. Tasa. Iweke 3 iwe kipeo, toa moja: 7. Tasa. Iweke 7: 127. Tasa. Iweke 127: namba yetu ya tarakimu 39, ile ya kete. Tasa. Sasa iweke namba yetu yenyewe iwe kipeo cha mbili, toa moja. Je, ni tasa?

Eugène Catalan aliudokeza mnyororo huu mwaka uleule wa 1876. Namba hiyo ya tano katika mnyororo haiandikiki. Sisemi ni ndefu kuiandika. Nasema hata idadi ya tarakimu zake ni namba ya tarakimu 38. Kanuni ya Lucas inaifaa kabisa, haina kasoro: anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki. Ila hatua za kurudia ni 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,725. Watu wameipima kwa vigawo vidogo, kwa kutumia ile sheria ya mara mbili ya kipeo, na hawajakipata hata kimoja.

Naona kuna mwanafunzi huko nyuma ameinua mkono. Unasema? "Tunakupa mji." Asante, mwanangu, lakini mji huo siwezi kuupokea. Anayepewa mji sharti awe analo jibu.